Karanga za Yunus Mchochezi

Kazi aliyoifanya Yunus Jumbe tangu ujana wake ilikuwa kuchochea moto wa tanuri katika meli za ziwani. Alianza enzi za kutupia kuni, akaja kwenye makaa, akamalizia kwenye mafuta mazito, na katika muda huo wote hakuna nahodha aliyepata kulalamika kwamba mvuke haukutosha. Ndiyo maana pale Kirumba mjini Mwanza, mtaani kwake, hakuna aliyemwita kwa jina la baba yake. Walimwita Yunus Mchochezi, naye akaitika, maana jina la kazi halimwaibishi mtu.

Alipostaafu alirudi nchi kavu na kifua kilichojaa masizi, pamoja na tabia ya kusema kwa sauti kubwa, kana kwamba injini ingali ikinguruma pembeni mwake. Akiagiza chai hapa, wa nyumba ya tatu walijua anataka tangawizi.

Mkewe, Mwanaharusi, ambaye yeye alimwita Mama Zakia kwa jina la binti yao, alikuwa mzaliwa wa Ujiji, na Mungu alimjalia mkono wa mafuta. Kila alasiri aliteleka karai lake barazani, akakaanga bagia, sambusa na kalimati, na watu walitoka hadi Nyamagana kuja kununua. Wapo waliodai kwamba harufu ya hiliki yake huwafikia mitumbwini, lakini hao walikuwa wavuvi, na mvuvi hasemi kitu bila kukirefusha mkia. Sasa mchukue mume aliyestaafu, asiye na zamu ya kwenda, umketishe kutwa kando ya karai la namna hiyo. Ni sawa na kumwajiri fisi alinde bucha. Yunus alionja bagia ya kwanza ili ajue chumvi imekolea, ya pili ili ahakikishe ile ya kwanza haikumdanganya, na baada ya hapo hakuhitaji sababu.

Mwili ukaanza kudai haki yake. Njia ya kwenda msikitini ilipanda kidogo kati ya mawe makubwa, na Yunus akawa hawezi kuimaliza bila kusimama. Kwa kuwa aliona aibu kusema amechoka, alijifanya anasalimia watu. Alisimama, akashika kiuno, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, mpaka pumzi ikamrudia. Ijumaa moja pumzi ilikata mahali ambapo hapakuwa na mtu, ikabidi amsalimie mbuzi. Waliokuja nyuma yake walimkuta akimuuliza mbuzi habari za Musoma.

Ndipo wakampeleka zahanati.

Dresa wa pale zahanati alikuwa mtu mpole mwenye miwani, na alijua namna ya kusema na kila mgonjwa kwa lugha ya kazi yake. Alimsikiliza Yunus kifuani, akambonyeza tumbo, akaketi.

"Mzee wangu," alisema, "wewe umekaa melini. Bomba la mvuke likishika ukoko ndani, mnalifanyaje?"

"Tunazima tanuri, tunalifungua, tunaliparua."

"Vizuri. La mwilini halifunguliwi. Kwa hiyo dawa ni kuacha kulishikisha ukoko. Vya kukaanga kwa mafuta, acha. Vya sukari, acha."

"Nitakula nini jioni? Mdomo wangu umezoea kazi."

"Upe kazi nyingine. Karanga kidogo, mbegu za maboga, ufuta. Zikaangwe kavu, bila tone la mafuta. Utatafuna mpaka uchoke, na mwili utakushukuru."

Yunus alirudi nyumbani taratibu, akiyapanga maneno. Alimkuta Mwanaharusi akigeuza bagia.

"Dresa kasema niache vya kukaanga," alisema, kwa sauti ambayo kwake yeye ilikuwa ya chini.

Wateja wote walisikia. Mwanaharusi hakuinua uso. "Kasema uache vya kukaanga, au kasema vyangu vina sumu?"

"Kasema vya mafuta, Mama Zakia. Hakutaja jina la mtu."

"Mtaa huu mafuta ni ya nani kama si yangu? Haya, kakwambia ule nini?"

"Karanga. Mbegu za maboga. Ufuta. Zinakaangwa kavu."

"Kwa hiyo nazo zinakaangwa."

"Kavu, mke wangu."

"Karai langu halijui ukavu," alisema Mwanaharusi, akaitoa bagia ikiwa na rangi ya dhahabu na kuiweka kwenye sahani, karibu na pua ya mumewe kuliko ilivyokuwa lazima. "Kama umeandikiwa kukaangiwa hewa, kakaange mwenyewe."

Alidhani ameyamaliza. Lakini Yunus alikuwa mtu wa moto, na mtu wa moto huwezi kumwambia kwamba kuna kitu cha kukaanga kinachomshinda. Kesho yake alinunua karanga, mbegu za maboga na ufuta sokoni, akaazima chungu, akapanga mafiga uani. Kisha akafanya lile alilolijua. Alijaza kuni mpaka zikakosa pa kukaa, akazipepea kwa pepeo alilolishika mikono miwili, na moto ukaja juu kama wa meli inayowahi Bukoba.

Karanga ziliungua nje zikabaki mbichi ndani. Mbegu za maboga zililipuka, nyingine zikatua juu ya bati, na kuku wa mtaa mzima wakafika kabla hazijapoa. Ufuta, ambao alikuwa ameutia mwishoni kwa matumaini, uliruka wote kama viroboto na haukuonekana tena. Moshi ulipaa mweusi, ukafunika paa, na majirani wakatoka mbio na ndoo za maji.

Mwanaharusi alikuwa barazani akihesabu sambusa za mteja. Hakugeuka. "Msihangaike," aliwaambia. "Meli inaondoka."

Miongoni mwa waliokuja na ndoo alikuwamo Paskazia, mjane wa nyumba ya pili, mwanamke wa Kisukuma aliyekuwa na shamba la karanga na maboga kule Mkolani. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Jumapili alikwenda misa, siku nyingine alikwenda shamba, na jioni alikaa kizingitini kwake akimenya kitu. Alitua ndoo, akachungulia ndani ya chungu kama mtu aliyekuja matanga.

"Shemeji," alisema, "hizi ulitaka kuzila au kuzizika?"

Yunus akamweleza habari ya dresa. Paskazia akasikiliza mpaka mwisho. "Moto unaujua," alisema, "lakini umejua wa kuendesha chuma. Kesho nenda ziwani, chota mchanga. Usichote wa matope. Chota ule wa chengachenga, uoshe mpaka maji yatoke meupe, uanike, uchekeche. Halafu uniite."

Yunus akafanya hivyo. Mtaa ulimwona mstaafu wa meli akiosha mchanga kwenye karai la kufulia kama anayeosha mchele wa harusi, na watu wakaanza kuulizana kama lile tatizo lilikuwa la kifua tu.

Paskazia alikuja na gae pana la chungu kilichovunjika na kifagio kidogo cha nyasi. Aliyasogeza makaa, akayafunika majivu, akaweka gae juu yake, akamimina mchanga. Yunus alitazama chini ya gae akaona kama hakuna kitu.

"Moto huu umelala," alisema.

"Ndiyo. Usiuamshe."

"Hata kidogo?"

Paskazia akanyoosha mkono, akamnyang'anya pepeo, akalikalia.

Mchanga ulipopata joto la kutosha alimimina karanga, akaanza kuzigeuza kwa kile kifagio, polepole, akizifukia na kuzifukua. Mchanga ulizikumbatia kila upande, joto likaingia sawasawa. Alimfundisha kusikiliza. Kwanza karanga hunyamaza, kisha huanza kunong'ona, kisha hupasuka ngozi moja moja. Uzionapo zimeiva juu ya moto, umekwisha chelewa, maana zikishatoka huendelea kuiva zenyewe kwa joto lililomo ndani. Zitoe mapema, chekecha mchanga, ziache zipoe, ndipo zitakapokuwa kavu na kuvunjika jinoni. Mbegu za maboga alimwonyesha kuzisugua kwa majivu ili ute utoke, kuzianika kwenye ungo mbali na kuku, kisha kuzikaanga bila mchanga na kuzirushia maji ya chumvi wakati wa mwisho, mpaka chumvi ikaukie juu ya ganda. Ufuta ni wa kufunikwa kawa, maana haupendi kukaa nyumbani.

Yunus aliungua vidole, akasahau kuchekecha, akatafuna mchanga mara nyingi kuliko alivyokiri. Ila alikuwa mwanafunzi mwenye bidii, na kadiri alivyokosea ndivyo walivyocheka, yeye kwa ile sauti yake, na Paskazia kwa kujifunika mdomo na khanga.

Kicheko kile kilivuka ua kikafika barazani.

"Mume wangu," Mwanaharusi aliwaambia wateja wake, "tangu anioe hajapata kuniuliza chumvi inatiwa lini. Leo anauliza mpaka mchanga unaoshwaje."

Wateja walikula bagia zao kwa heshima. Hakuna aliyetaka kuwa shahidi.

Vita vikahamia puani. Mwanaharusi aliongeza hiliki kwenye kalimati, akahamisha karai upande ambao upepo wa ziwa ungeipeleka harufu uani. Yunus naye alikaa kwenye kigoda chake na kopo la mbegu, akatafuna kwa kelele, macho yamefumba, kama mtu anayesali asikatizwe. Usiku alilifungia kopo lile kwenye dirisha la ndani, kile kishubaka cha ukutani chenye kijilango, na kwa kuwa mbegu zilikuwa zikipungua bila maelezo, alinunua mtego wa panya.

Mvua zilipita, kiangazi kikaingia, na ikaja Ijumaa ambayo Yunus alipanda mpaka msikitini bila kusalimia kiumbe chochote. Tumbo lilikuwa limerudi ndani ya kanzu. Dresa alimsikiliza tena kifuani, akamwambia aendelee.

Hapo ndipo alipoanza majivuno. Alichanganya karanga, mbegu za maboga na ufuta, akatia punje ya pilipili iliyosagwa na ndimu kidogo iliyokaushwa juani, akawaonjesha rafiki zake wa zamani wa bandarini. Wao wakaja na wengine. Watu wa kiwanda cha pamba wakitoka kazini walipitia hapo, mwalimu mmoja akapitia, wachukuzi wakapitia. Uani pakawekwa benchi. Waliketi, wakatafuna, wakazungumza, na Yunus akiwa katikati yao akigeuza gae na kutoa maelezo kwa sauti ya injini.

Sasa miaka ile ilikuwa miaka ya wasiwasi. Serikali ya Waingereza ilikuwa haitaki kusikia habari za mikutano ya siasa upande huu wa Ziwa. Chama cha kudai uhuru kilikuwa kimefungiwa, na watu wanne wakikaa benchi moja, wa tano alikuwa askari kanzu. Aliyepangiwa Kirumba alikuwa kijana mmoja aitwaye Malimi, mgeni mjini, mwenye bidii na viatu vinavyong'aa mno kwa mtu anayesema ananunua ngozi za ng'ombe. Hakukaa sana kabla hajasikia kwamba mtaani hapo yupo mzee anayeitwa Mchochezi, na kwamba kila jioni watu hukusanyika uani kwake. Wachochezi ndio hasa waliokuwa wakitafutwa. Malimi alishukuru bahati yake, akaenda kuketi kwenye benchi, mwishoni, karibu na ua.

Alichokisikia kilimtoa jasho.

"Kosa la vijana ni haraka," Yunus alikuwa akisema. "Mimi nimechochea maisha yangu yote, nawaambieni. Usichochee kwa nguvu. Chochea polepole, chini kwa chini, juu waone majivu tu. Zikishapata joto zitalipuka zenyewe."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa, midomo imejaa.

"Na zile za Misungwi?" mmoja akauliza.

"Ziko tayari. Masalu atazileta Jumamosi, gunia zima. Nimemwambia azifiche chini ya majani, zisinyeshewe."

Malimi hakulala. Zitalipuka, hizo ni nini? Baruti haikosi. Na za Misungwi zilizofichwa chini ya majani, hizo ni bunduki. Gunia zima. Aliandika taarifa, akaifuta, akaiandika tena kwa mwandiko mzuri zaidi. Na katika yote hayo alikuwa amekula konzi tatu za mbegu za mtuhumiwa, na mfukoni alikuwa na ya nne.

Jumamosi Masalu aliwasili na baiskeli. Alikuwa binamu wa Yunus upande wa mama, mkulima wa Misungwi, mtu ambaye hakuharakishwa na lolote. Gunia lilikuwa limefungwa nyuma, majani yamefunika juu. Kabla hajashusha mguu, Malimi alitokea na askari wawili wenye sare.

"Gunia lina nini?"

"Kalanga," alisema Masalu.

"Fungua."

Masalu akafungua. Askari mmoja akaingiza mkono mpaka bega, akapapasa chini kabisa, akatoa ngumi iliyojaa karanga. Akaingiza tena. Masalu alimwangalia kwa masikitiko. "Ukimaliza funga," alisema. "Zinaingia unyevu."

Malimi alikuwa amekwisha kwenda mbali, kurudi nyuma hakuwezekani. Huenda silaha zilikuwa kwenye gunia jingine. Akatangaza, mtaa ukisikia, kwamba anatafuta vitu vya kulipuka, akamchukua Yunus, akamchukua Masalu, akachukua na gunia, wote wakafikishwa kituoni mbele ya inspekta wa Kizungu ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha, na karani wa kuandika.

"Wewe ndiye mchochezi?" inspekta aliuliza.

"Ndiyo, bwana," alijibu Yunus, kwa sauti iliyotikisa kidau cha wino.

Karani aliacha kuandika. Alikuwa ameona watu wengi wakikana mbele ya meza ile, hakuwa amemwona aliyekiri kwa fahari.

"Tangu lini?"

"Tangu sijaota ndevu. Kabla ya vita vya Hitla."

"Umechochea wapi?"

"Bukoba, Musoma, Kisumu, Entebe. Kila bandari, bwana. Kisumu nimechochea sana."

Shingo ya inspekta ilianza kubadilika rangi. "Nani alikulipa?"

"Serikali."

"Serikali ipi?"

"Hii hii yenu. Kila mwisho wa mwezi, haikukosa hata mara moja. Nami nashukuru."

"Wenzako wako wapi?"

"Wengi wamekufa," alisema Yunus, na uso wake ukawa na huzuni ya kweli. "Kazi ya uchochezi inaua kifua."

Inspekta alimgeukia karani, karani akatazama dari. Ni wakati huo ambapo zogo lilisikika mlangoni, na Mwanaharusi akaingia, buibui limekaa upande, kikapu mkononi, askari wa zamu nyuma yake akiomba kwa adabu kwamba asiingie.

"Shikamoo, bwana mkubwa," alimwamkia inspekta, ambaye alikuwa na umri wa mwanawe, ili tu asipate la kumshika. "Nimekuja kumchukua mume wangu. Huyu ni mchochezi wa moto. Wa tanuri, wa meli. Muulizeni bandarini. Kuchochea watu hawezi. Mimi nimeishi naye ujana wangu wote, na hajapata kunichochea nihamishe hata mkeka."

Karani akatafsiri, akikazana kuuweka uso wake sawa. Kisha Mwanaharusi akafungua kikapu, akatoa kopo, akatandika kitambaa juu ya makaratasi ya serikali, akamimina karanga na mbegu. "Hizo ndizo zinazolipuka," alisema. "Jaribu, bwana. Hazina mafuta."

Inspekta alichukua moja kwa vidole viwili, kama anayechukua ushahidi. Ofisi nzima ikasikia ikivunjika. Akachukua nyingine. Baadaye akachukua za kujaza kiganja, akamuuliza karani jambo kwa Kiingereza, naye karani akafafanua kwa kirefu habari ya kuchochea na kuchochea. Malimi alikuwa akivitazama viatu vyake.

Wakaachiwa kabla ya adhuhuri. Gunia nalo likaachiwa, jepesi kuliko lilivyoingia. Masalu alilipima kwa mkono, akakohoa, akalifunga kwenye baiskeli.

Njiani Yunus alitembea hatua moja nyuma ya mkewe, akikitazama kile kikapu.

"Mama Zakia," alisema mwishowe, "kwa nini hukuwapelekea bagia?"

"Bagia zangu hazina kesi."

"Na nani alikuambia kopo liko dirisha la ndani?"

Mwanaharusi alirekebisha buibui lake. "Nani alikuambia silijui?"

Yunus akasimama katikati ya njia. Safari hii pumzi ilikuwapo, miguu ndiyo iliyokataa. "Ulikuwa unazila."

"Nilikuwa nazikagua."

"Nami nimemtegea panya bure."

"Panya ndiye huyu. Rudi ukamshtaki kwa inspekta." Akaendelea kutembea, kisha akasema bila kugeuka, "Chumvi unaiweka mapema. Na ndimu haitoshi."

Masalu, aliyekuwa akikokota baiskeli nyuma yao, alisema baadaye kwamba Yunus alicheka tangu hapo mpaka Kirumba, na njia yote watu walitoka nje kuangalia kama mvua inakuja.

Jioni ile ile Mwanaharusi alimpelekea Paskazia sahani ya kalimati zilizofunikwa kitambaa. Hakueleza sababu, wala Paskazia hakuuliza. Sahani hairudi tupu. Ilirudi na mbegu za maboga zilizosuguliwa tayari kwa majivu, na ikaendelea hivyo, ikivuka ua huku na huku, mpaka watu wakasahau ilikuwa ya nani. Gae likahamia barazani, kando ya karai. Aliyetaka vya mafuta alipata, na aliyekatazwa na dresa alipata. Mtaa nao ukakipa kitafunwa cha Yunus jina lake. Watu waliinama mlangoni wakauliza, "Leo uchochezi upo?" Wakajibiwa upo, na una pilipili.

Malimi alipotea kwa muda, kisha akaonekana mwishoni mwa benchi, kofia usoni. Hakuna aliyemfukuza. Aliendelea kusema ananunua ngozi, na watu waliendelea kumuuliza bei.

Baadaye chama kikafunguliwa, mikutano ikarudi mchana kweupe, na mwaka wa sitini na moja, mwezi wa Desemba, Uhuru ukaja. Mwanza nzima ilitoka barabarani siku hiyo. Kulikuwa na ngoma za kila kabila, mitumbwi iliyopambwa majani, watoto wenye bendera za karatasi. Kwa kuwa kila nyumba ilikuwa inakaanga kitu cha sikukuu, mafuta yaliisha madukani, na karai la Mwanaharusi likakauka kabla watu hawajashiba. Alilitazama kidogo. Kisha akajifunga khanga kiunoni, akachukua sinia ya mumewe iliyojaa vikaratasi vilivyosokotwa, akaingia katikati ya umati.

"Uchochezi," alitangaza, kwa sauti ambayo inawezekana alikuwa ameambukizwa. "Uchochezi wa Kirumba, hauna mafuta, hauna sukari."

Askari waliokuwa wakilinda gwaride waligeuka wote kwa pamoja. Mmoja wao alikuwa Malimi, akiwa na sare safari hii, na wale askari wawili waliopekua gunia la Masalu walikuwa wa kwanza kununua.

Mvua za mwaka ule hazikujua kukoma. Zilinyesha Uhuru ukapita, zikanyesha mwaka mpya ukaingia, na ziwa likaanza kupanda. Lilimeza bustani za ufukweni, likameza njia ya wachota maji, likaingia chini ya mitumbwi iliyokuwa imeanikwa tangu zamani. Wazee walisema hawajapata kuliona likiwa hivyo, na vijana wakasema hata ziwa limepata uhuru wake, limekataa mipaka. Asubuhi moja Yunus alishuka na ndoo kuchota mchanga, akakuta hakuna mchanga. Pale alipozoea kuchota, samaki walikuwa wakipita.

Akarudi na ndoo tupu, akaketi barazani, akaeleza kwa huzuni kwamba kazi imekwisha. Mchanga wa mto haufai, una udongo. Wa mchimboni una mawe. Labda amwandikie Masalu amtafutie Misungwi, lakini nako mafuriko.

Mwanaharusi alimsikiliza huku akipepeta karanga. Alipomaliza, aliingia ndani, akatoka na mfuko wa chumvi ya mawe, ile nzito inayouzwa kwa ajili ya ng'ombe. Aliiponda kidogo, akaimimina kwenye gae, akaliteleka juu ya makaa yaliyofunikwa majivu. Chumvi ilipopata joto akatia karanga, akachukua kifagio cha nyasi, akaanza kuzifukia na kuzifukua.

"Nani amekufundisha hivyo?" Yunus aliuliza.

"Paskazia. Wewe ulipokuwa unaosha mchanga, sisi wengine tulikuwa tunazungumza."

Yunus akavuta kigoda, akasogea karibu. Mkono wake ukaanza kwenda kwenye pepeo. Mwanaharusi akauona, akalisukuma pepeo kwa mguu mpaka chini ya kiti chake, na kuinamisha kichwa kusikiliza kama karanga zimeanza kunong'ona.